Laki Mbili na Sababu

Nimepima semitrela, pale Pongwe mizanini,
Usiku bila kulala, miaka ni ishirini.
Akija mtu na hila, namjua mlangoni:
Kilo haihongwi hela, haifichwi mfukoni.

Na kiinua mgongo, mwezi wa sita kufika,
Mwanangu anena, "Jengo, Mabawa, litapangika."
Dada kataka mchango, harusi yake Atika.
Mimi: gari, siyo jengo; la mbio, paa hushuka.

Wakacheka Chumbageni: "Bibi na gari la mbio!"
Nikaitwa, kijiweni, jina la "Bi Kimbilio."
Sikujibu. Utotoni, gari moja la mlio
Lilipita barazani, halijaacha sikio.

Ngamiani kwa Mbaruku, liko jekundu, lang'ara.
Alipaka nta usiku, nikaona yangu sura.
"Soma kilometa huku, elfu sitini, ni bora!
Kumi na nane; si kuku auzwaye Makorora."

Nikaketi. Nikagusa usukani kwa kiganja.
Ngozi imelika, hasa pale kidole hukunja.
Mpira wa breki sasa ni upara wa kiwanja.
Namba inanipapasa, pedali yaja kuvunja.

Nikasema, "Ewe Bwana, mimi natunga shairi.
Nane na nane hufana, kila mshororo, shwari.
Moja ukiiba, mwana, sikio linahubiri.
Kama hivi: unaona pana siri?"

Mbaruku kacheka, kisha kapunguza milioni.
Uongo ukiushusha si kweli, hata sokoni.
Funguo nikarejesha, na soda, nusu, mezani.
Jua likaniamsha, nikarudi Chumbageni.

Mwalimu Hoza wa Duga, analo la samawati.
Kuku ndani ametaga, mayai nyuma ya kiti.
Laki mbili, bila woga, saa yasema kwa dhati.
Bei tisa. Akamwaga daftari tatu, na hati.

Humo kila kilometa ina siku na sababu:
"Lushoto, mama kuleta, Bombo apate tabibu."
"Lushoto tena." Nasita. Hii haina tabibu.
Kisha: "Oili ya lita nne." Wino una tabu.

Fundi Singano kalala chini, tochi kajifunga:
"Klachi inataka hela, na bushi zinajigonga.
Lakini injini, wala haidai hata chenga.
Gari lafa kwa kulala, si kwa njia na kutanga."

Usiku nikajipima: sitini kasoro mbili.
Magoti yanalalama, jicho laona kivuli.
Nikirudishiwa nyuma saa, na niitwe mwali,
Watakaa wapi, jama, wanangu, wale wawili?

Jumatano nikalipa nane na nusu, kwa noti.
Klachi mpya nikaipa, kuku akahama kiti.
Nikatoka mbio, chapa: Pongwe, mizanini, kati.
Na tiketi wakanipa: tani moja ya yakuti.

Kuna lisilosomeka kwenye tiketi ya kilo.
Lushoto kwenda kuzika, hakuna geji ya hilo.
Nikawasha. Likacheka, bushi zikapiga solo.
Kesho yake nikashika ya Pangani, mimi nalo.

Likazimika Kigombe, vijana wakasukuma.
Wakanitaka niimbe, nikawapa hili, zima.
Nikaandika: "Kigombe, laki mbili, limezima.
Sababu? Waya. Na ng'ombe mmoja, alosimama."