Gia ya Tatu

Usiifungue kwanza, fundi Bitegeko.
Weka spana chini nikueleze inavyoumwa.

Moja inaingia. Kwa shingo upande,
kama mdaiwa aliyeitwa kwenye kikao cha ukoo,
lakini inaingia.
Mbili inataka kubembelezwa:
kanyaga klachi, achia, kanyaga tena, ndipo ikubali.
Nne nzima kabisa, ila kwa milima yetu hii
nne utakwenda nayo wapi?
Rivasi nilishaizika. Naegesha pa kutokea mbele tu;
hata msibani Mlole niliiacha pua inatazama barabara,
watu wakasema, Rusimbi ana haraka na nani.

Ugonjwa ni tatu.

Natoka Mwandiga, madumu arobaini ya mawese nyuma,
nauanza mlima, injini inapata pumzi,
tatu inashika, inavuta, nasema moyoni leo afadhali,
mara ka!
fimbo inanipiga goti la kushoto,
gari linanguruma bila kwenda
kama mtu anayegombana na ukuta,
na madumu yanasogea, moja moja,
yananikumbusha bonde.

Wa Gungu alisema oili. Nikamwaga oili.
Wa Ujiji alisema beringi, akaniuzia beringi mpya
yenye mikwaruzo ya gari la mtu mwingine.
Wa Kasulu alitega sikio kwenye mpini wa bisibisi,
akafumba macho kama mkunga,
akasema, "Mzee, hii imechoka. Na wewe pumzika."
Nikamlipa, nikaondoka. Kwa gia ya pili.

Nikaifunga fimbo kwa mpira wa baiskeli hadi kwenye kiti.
Ukakatika Kidahwe, mvua inanyesha.
Gwimo alikuwa na miaka tisa, amekaa kushoto, anatafuna muwa.
Akautupa muwa dirishani.
"Baba, mimi nitaishika."

Akaishika kwa mikono miwili, miguu imekanyaga dashibodi,
mpaka Kasulu.
Kisha likizo ile yote. Kisha kila Jumamosi, miaka mitano.
Tazama kirungu cha fimbo: upande mmoja namba zimefutika.
Si mimi. Ni kiganja chake.

Sasa sikia, hili si la giaboksi, lakini limo humo humo.
Mtoto aliyeshika gia hawezi kukutazama usoni,
na wewe macho yako barabarani.
Ndipo maneno yanatoka.
Kwenye mlima ule aliniambia nani aliiba hela ya michango ya shule:
ni yeye.
Kwenye mlima ule nilimwambia mama yake hatarudi kutoka Bujumbura,
nikasikia fimbo inatetemeka,
nikadhani ni sinkro.
Haikuchomoka.

Alhamisi anapanda treni, Tabora, kidato cha kwanza.
Sanduku la bati tumeliandika jina
kwa rangi ile ile iliyobaki tulipopaka bampa.
Juzi usiku nilimkuta amekaa kitandani, taa imezimwa,
mkono wa kulia juu ya goti,
umeshika hewa.

Basi ndiyo sababu nimekuja leo, si mwaka juzi.
Ifungue. Toa uma uliolika, tia mwingine;
ukikosa mpya, tafuta kwenye zile maiti za pikapu
nyuma ya gereji yako.
Nataka ikae. Nataka nipande mlima ule
mkono wangu mmoja umelala bila kazi,
na kile kiti cha kushoto nikiwekee gunia la maharage,
nililifunge mkanda.

Kirungu usibadilishe. Hata kikilegea.

Na hesabu yako uniambie taratibu, nina moyo mmoja.
Mawese unachukua?