Daftari la Karani

Njombe, Juni. Ukungu umekaa kwenye ngazi za chuo
kama mgeni asiyesema atalala au ataondoka.
Mimi ni karani; sijawahi kupanga hata matofali mawili.
Lakini kamati ilisema: andika kila neno na maana yake,
tusije tukasaini tusichokijua.

Nikaanza na mepesi.
Msingi: kile ambacho wageni hawaonyeshwi.
Rinta: mkanda unaobeba uzito
ili dirisha libaki dirisha.
Timazi: uzi na kitonge cha chuma. Fundi Wendelini Luhwago
aliining'iniza mbele ya uso wangu, akangoja itulie,
akasema, "Hii haina ndugu kwenye kamati."

Ukurasa wa pili nikakwama.
Juu ya mchoro, kwa herufi nene:
BWENI ENDELEVU, VITANDA MIA NA ISHIRINI.
"Endelevu?" Wendelini alicheka mpaka akaweka mwiko chini.
"Lipo moja nyuma ya soko. Linaendelea
mwaka wa kumi na moja huu,
popo wameshahamia."
Nikaweka alama ya kuuliza,
nikaipigia mstari mara mbili.

Ndipo Gaudensia Mlowe, mwaka wa pili,
mwakilishi wa wanafunzi, soksi mbilimbili miguuni,
akauliza jambo moja:
"Matofali elfu arobaini ya kuchoma
yatakula kuni lori ngapi?"

Mhasibu akatazama kikokotoo.
Makisio hayakuwa na safu ya kuni.
Safu ya misumari ilikuwepo. Safu ya chai ilikuwepo.

Mimi nikaiona miwati ya mama,
mteremko mzima hadi kijitoni,
ikiingia tanuruni darasa letu lilipojengwa.
Siku tatu moshi ulilala bondeni.
Ndani ya kuta zile nilijifunza kuhesabu,
na hakuna aliyeniambia niihesabu miti.
Kijito siku hizi hupita Machi na Aprili, basi.

Nikaandika. Kaboni fiche:
moshi uliokwisha kutoka
kabla hujafungua mlango.

Tukabadili. Udongo mwekundu wa palepale, saruji kidogo,
mashine ya kushindilia, vijana wawili wakining'inia kwenye mpini;
matofali ya kufungamana, yakaanikwa kivulini
na kunyweshwa kila asubuhi kama miche.
Wendelini alinuna wiki nzima.
"Tofali lisilopita motoni ni mkate mbichi."
Siku ya nane akaliangusha moja kutoka jukwaani.
Likamegeka kona, likabaki tofali.
Akaliokota, akalinusa, akaomba kalamu yangu,
akaandika mwenyewe, herufi zikipanda mlima:
limeiva kwa maji.

Madirisha yanatazama kaskazini,
maana Juni jua letu hupita upande huo.
Ukuta mnene: hukopa jua mchana,
hulipa saa nne usiku, hautaki riba.
Kuvuna mvua: hapa nilisita.
Huvuna aliyepanda. Mvua aliipanda nani?
Nikaliacha neno lilivyo, nikachora tangi pembeni.

Leo limefunguliwa. Hotuba zimekwisha,
utepe uko matopeni.
Gaudensia amemaliza masomo; hatalala humu hata usiku mmoja.
Nimemwona akipita chumba hadi chumba
akigusa kuta kwa kiganja,
kama mtu anayepima homa ya mtoto wa jirani.
Nikafungua ukurasa wa pili.
Alama ya kuuliza sikuifuta. Chini yake nikaandika jina lake.

Limebaki neno moja, mwisho wa mkataba, kwa herufi ndogo:
matunzo. Nani atapanda kila Oktoba
kuzoa majani ya misindano kwenye mifereji ya paa?
Nafasi ilikuwa wazi, vistari vitupu.
Ngazi naiogopa, Wendelini anajua.
Ameishika kwa chini.
Nimejaza jina langu.