Fukusi Wangu, Bungua Wako

Alikuja saa nne, jua limeshika bati la Tandale,
akatua kopo la maziwa juu ya mizani yangu,
mshale ukaruka.
"Fukusi wako wamenimalizia kunde."

Siwatu, kaa. Usimtukane mdudu usiyemjua.
Nikachota mchele gunia la mwisho,
nikachota na kunde zake, nikamwaga kwenye ungo
upande huu na ule, kama ndugu wa kesi ya mirathi.

Huyu ni wangu, simkani.
Mwembamba, rangi ya kahawa iliyoungua,
mkonga mbele kama tembo aliyenyimwa mwili.
Anatoboa punje, anaficha yai, anaziba tundu.
Ukimgusa anakunja miguu, anajifanya maiti.
Anaishi miezi, anakula miezi,
kama mpangaji wangu Kibwana:
leo chai, kesho chapati, kodi keshokutwa.

Sasa huyu wako. Mkonga uko wapi?
Hana. Mfupi, mnene, koti halifiki kiunoni.
Yai lake hafichi, analigandisha juu ya ganda,
nukta nyeupe, kama chokaa kwenye kiatu cha fundi.
Utotoni anakula kuta za chumba chake,
akikua anakata dirisha la duara, anatoka,
na humu koponi hali tena.
Siku kumi hivi. Anapenda, anataga, basi.

Tazama vitundu, Siwatu.
Vyote ni milango ya kutokea, si ya kuingilia.
Huyu huanzia shambani, ganda likiwa bado bichi.
Kunde ulizitoa wapi?

Akanyamaza. Muuza barafu akapita, akarudi.
"Mkuranga. Za mama. Msimu wake wa mwisho.
Nilizifungia ili zisiguswe."

Nilikuwa na maneno ya biashara mdomoni,
majivu, pilipili kavu, dawa ya pakiti.
Nikayameza.

Tukachambua. Zenye dirisha kulia, nzima kushoto.
Mmoja akampanda kidoleni, akasimama kwenye ukucha
wenye hina ya arobaini.
Hakumpangusa.
"Kwa hiyo hawa ni wa kwa mama," alisema,
"na mimi ndiye niliyewaleta mjini."

Nzima zilikuwa kumi na tisa.
Akazifundika kwenye pindo la khanga.
Halafu akanunua mchele, nusu kilo,
akauchungulia kwanza.

Wale wangu, ukingoni mwa ungo,
miguu wameikunja,
wakisubiri aondoke.