Skrubu Inayobaki

Kila kompyuta niliyofungua hapa Newala
imeniambia ilikotoka.
Ya karani wa chama cha msingi ina vumbi la korosho,
kavu, lenye kuwasha vidole.
Ya mwalimu Nampoto ina sisimizi;
walihamia masika, wakataga
karibu na feni, penye joto.
Ya parokia ina nta ya mshumaa. Sikuuliza.

Nafungua, napuliza, napiga brashi, nafunga.
Siku zote hubaki skrubu moja.
Mashine inawaka, nami ile moja naitia
kwenye kopo la maziwa ya unga.
Miaka kumi na minne, kopo limekuwa zito.

Juzi Somoe Likwata kaniletea mpya,
nyembamba kama kopa la muhogo.
Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.
Haina mshono, haina tundu la bisibisi:
hii imeota, haikuungwa.
Nikaitega sikio. Kimya.
Za zamani zilihema kama mtu
anayepanda mteremko wa Kitangari na ndoo kichwani.
Hii haihemi.

"Zijazo hata kioo hazitakuwa nacho," akasema Somoe.
"Utasema nayo, ikujibu.
Na kumbukumbu zako hazitakaa ndani, zitakaa huko,"
akaonyesha juu, kwenye ukungu.
Ukungu wa Newala naujua mimi.
Julai hushuka mpaka kizingitini,
na kufika saa nne umeondoka bila kuaga.

Nikamuuliza, itamwelewa mama,
anayeanza sentensi kwa Kiswahili
akaimalizia kwa Kimakonde,
katikati kikohozi?
"Itajifunza."
Basi na iwahi, nikasema.
Mama hana miaka ya kungojea mwanafunzi.

Mashine yake ilikuwa imezimika tu,
haiwaki, haisemi inaumwa wapi.
Nikamrudishia. Sikumtoza kitu.
Bei ya kutofungua siijui.

Usiku nikamwaga kopo mezani.
Binti yangu Asumini akazipanga kwa urefu,
akataka kujua zimetoka wapi.
Nikamwambia: hizi ndizo ambazo mashine zilisema
si lazima.

Akachagua moja, ndogo kuliko punje ya uwele,
akachukua miwani ya bibi yake,
ile iliyofungwa uzi tangu Krismasi,
akaikaza kwa ncha ya kisu.
Ikaingia. Ikashika.

Mama akaivaa, akatutazama sote kwa zamu,
akauliza, kwa lugha zake mbili,
mbona hatujalala.