Ndoo Inashika Zamu

Saa nane usiku, Mburahati. Maji yametoka.
Mimi niko macho kwa sababu nyingine:
dukani kwa Mkwizu mitungi ya gesi imebaki saba,
programu yangu inaapa ni minane.
"Binti, huo wa nane nimeutafuta
hadi uvunguni," alinipigia jana,
na hakuwa anacheka.

Naufumua msimbo kama nywele zilizosukwa vibaya.
Nyuma ya kioo kazi zinakwenda kwa mpigo:
moja inapandisha risiti,
moja inamfuata kijana wa pikipiki, yuko Kigogo au Magomeni,
moja imelala, itaamka mtandao ukirudi.
Mteja haoni kitu. Anabonyeza kitufe cha kijani,
anaendelea na chai yake.
Betri ikishuka, simu inazinyonga mojamoja
bila hata hodi.

Nje bomba linakohoa kabla ya kutema.
Ndoo zimepangwa tangu magharibi:
ya Sikudhani haina mkono,
ya Mama Nuhu ina jina kwa rangi ya kucha.
Wenyewe hawapo.
Sikudhani anakanda unga wa maandazi,
Mama Nuhu anamkanda mtoto mwenye homa,
mwingine amelala fofofo, ameomba tu agongewe.
Ndoo inakushikia zamu, wewe nenda kaishi.
Ikijaa, utaitwa.

Lakini sijamwona mtu
akitia ndoo mbili chini ya mdomo mmoja.

Narudi mezani.
Wauzaji wawili, simu mbili, sekunde ileile:
huyu amesoma tisa, na huyu amesoma tisa.
Kila mmoja ametoa mtungi mmoja,
kila mmoja ameandika nane,
kila mmoja amesema kweli.
Huo ndio ubaya wake.

Naweka kufuli, mstari mmoja tu:
aliye ndani amalize, atoke,
aliye nje asome upya kabla hajagusa.
Kisha najaribu, wauzaji mia wa kubuni
wakigombea mitungi tisa.
Hakuna aliyeuziwa hewa.
Narudia. Hakuna.
Nataka kumpigia Mkwizu, nakumbuka saa.

Dirisha linagongwa.
"We Tumsifu! Yako imejaa,
inamwagika huku!"

Nilisahau kabisa
kwamba na mimi nilipanga.