Mchagua Koleo

Wanasema mchagua jembe si mkulima.
Sawa. Jembe halimrushi mtu ukutani.

Umeamkaje, bwana Zenon? Baridi ya Łódź leo
inauma hadi kwenye jino lililozibwa.
Hapana, hilo sanduku jekundu lifunge,
lile la vipande hamsini na viwili:
arobaini ni vya kujazia mashimo ya sifongo.
Nipe kimoja kimoja. Niwekee mkononi.

Bisibisi kwanza. Rangi ya mpini hainihusu.
Natazama ncha: ikiwa nyembamba kuliko mfereji wa skrubu
itateleza, na ikiteleza
kidole kinalipa kabla mdomo haujasema aa.
Natazama shingo: plastiki ishuke hadi karibu na ncha,
kama kola ya sweta, isiache chuma uchi.
Na hii namba, volti elfu moja,
imechapwa ndani au imebandikwa?
Ngoja niikwangue kwa ukucha.
Imetoka. Rudisha.

Koleo la kukatia. Nalifumba, nalielekeza angani:
nikiona uzi wa mwanga kati ya meno
basi halikati, linatafuna,
nami sina waya wa kutafuniwa.
Ghorofa ya nne, kwa bibi Leokadia,
waya ni alumini ya tangu mama yangu msichana.
Ukiukwaruza tu, umeujeruhi; ukiukunja mara mbili
unakatika kimya kimya,
kama jirani aliyeacha kukusalimu.
Kwa hiyo kisu nakiachia mkate.
Nataka cha kumenyea, chenye skrubu ya kupimia,
nikizungushe robo, nusu ya robo,
ngozi ivuke, mfupa usijue.

Hiyo testa?
Hiyo naijua. Kajitaa ka rangi ya chungwa ndani ya mpini.
Baba aliichomeka mfukoni kama kalamu miaka ishirini na sita.
Siku moja haikuwaka.
Akaiamini.

Ulikuja mazishini, bwana Zenon, ulisimama karibu na lango
na kofia mkononi, theluji ikikuangukia kichwani,
kwa hiyo usiniambie kwamba ni bei nafuu.

Nionyeshe ile ya ncha mbili, yenye waya katikati.
Nitaijaribu kwanza kwenye taa yako hiyo inayowaka,
na huko juu, kwenye kitu kilicho hai,
kisha pale panaposemekana pamekufa,
kisha tena kwenye kilicho hai,
maana vifaa navyo hufa bila kuaga.

Jumla? Loh! Punguza.

Hapana, koleo la baba silibadilishi.
Ndiyo, limo mkobani. Mpini umepasuka,
nimeuzungushia utepe wa bluu kama kidole chenye kidonda.
Halitagusa umeme tena.
Linavunja jozi, wakati wa Krismasi, na linazivunja vizuri.

Mfuko wa nini? Vitie hapa, ndani ya koti.
Bibi Leokadia anachemsha chai kwa mshumaa
na ana mkono unaotetemeka.