Kalamu Kwapani

Wino nao huganda.
Hilo halikuwemo kwenye mtihani wa uwakili.
Nilijifunza Novemba, msituni Podlasie,
saa nane usiku, magoti kwenye tope,
kalamu ikikwaruza karatasi bila kuacha neno.
Tangu hapo naiweka kwapani
kama kipimajoto cha mtoto mwenye homa.

Tumetumiwa alama kwenye simu:
watu watano, mmoja hatembei.
Bogna amebeba supu na soksi,
mimi fomu kumi na mbili ndani ya mfuko wa nailoni.
Taa tumezima. Tunaita kwa sauti ya chini,
kwa Kiarabu kibovu tulichojifunzia garini:
sisi si polisi, sisi si polisi.

Anaitwa Hevin. Midomo yake rangi ya zabibu,
kiatu kimoja kimebaki mtoni.
Namuuliza maswali ninayoyachukia.
Jina la baba?
Umezaliwa lini?
Wamekurudisha ng'ambo ya waya mara ngapi?
Ananyoosha vidole vinne. Anafikiri.
Anaongeza cha tano.

Bila fomu hii yeye ni mchakacho wa majani.
Watampakia kwenye lori, lori litafika kwenye waya,
na kesho msemaji atasema: hatukumwona mtu.
Mwenye wakili ni vigumu kusema hakuwepo.

Andika hapa.
Vidole havikunjiki.
Ningeweza kuushika mkono wake nikauongoza,
lakini kanuni inataka mkono wake peke yake,
basi naupuliza, naufikicha, nauachilia.
Mstari unapanda, unaanguka, unatoka nje ya kisanduku.
Sahihi imepinda.
Sahihi ni sahihi.

Mpaka. Neno hili lina subira ya kutisha.
Mpaka hapa. Mpaka lini.

Injini. Taa mbili kati ya misonobari.
Luteni ni kijana, ana mafua, anafuta pua kwa glavu.
Nasema: huyu ni mteja wangu, ameomba hifadhi,
andika kwamba ameomba.
Anasema hakusikia.
Hevin, rudia.
Anarudia kwa Kipolandi nilichomfundisha sasa hivi,
maneno matatu, la katikati amelivunja.
Luteni anatazama buti zake. Hakusikia.
Hevin anajiinua kwa kushika shina la mti
na kuyasema tena yale maneno matatu,
safari hii hata msitu unanyamaza,
na Bogna, simu mkononi, anarekodi.

Luteni anatoa daftari.

Nilibeba fomu kumi na mbili, nimerudi na tisa tupu.
Watatu wana faili.
Wawili walikimbia waliposikia injini
na majina yao sikuwahi kuyauliza.

Alfajiri, kwenye kituo cha mafuta cha Hajnówka,
naiandikia mahakama ya Strasbourg kwa kidole gumba,
kahawa inapoa, muuzaji ananitazama suruali.
Kitu kinanichoma ubavuni.
Kalamu. Nimesahau kuitoa.
Bado ina joto.